Presha imepanda nikiwa na mimba ya miezi sita: mitishamba ya mama mkwe na vidonge vya "utulivu" vya rafiki, nitumie au niache?

Mama Kijacho (mleta mada)

Habari zenu wakuu, hasa akina mama mliopitia haya.

Nina mimba ya wiki 26, ya pili. Ya kwanza sikufika nayo, presha ilipanda na mtoto akafia tumboni. Kwa hiyo hii naibeba roho mkononi. Nikiamka tu naanza kusikilizia kama anacheza, na usingizi sina.

Kliniki iliyopita presha ilisoma 146/94. Wakanipumzisha kwa muda mrefu, wakapima tena, 144/92. Mkojo hauna protini. Nimeandikiwa methildopa mara tatu kwa siku. Aspirini ile ndogo ninayo tangu mimba ikiwa changa, na vidonge vya damu naendelea navyo.

Sasa huku nyumbani. Mama mkwe kaja kutoka Tanga na chupa yake: unga wa mlonge, kitunguu saumu, ndimu na rosela, anasema wakamwana zake wote wameinywa wakajifungua salama. Rafiki yangu wa kazini naye anauza virutubisho, kaniletea vidonge vya ashwagandha vya kuondoa wasiwasi pamoja na "chai ya utulivu". Wote wawili wananiambia dawa za hospitali zitamdhuru mtoto. Na kweli hii methildopa inanisinzisha mchana kutwa.

Mama sitaki kumvunjia heshima, na mtoto sitaki kumchezea. Nawasilisha.

Kijiwe Nongwa

Ngoja waje wajuvi. Mimi nimekaa pembeni na kahawa yangu.

Tabibu Asili Bora

Pole sana dada. Presha ya mimba inaletwa na sumu kwenye damu, hizo dawa za kizungu zinaituliza tu halafu inarudi kwa kishindo. Ninayo dozi ya siku 21, asilia asilimia mia, haina madhara yoyote kwa mama wala mtoto, inashusha presha na kuondoa hofu. Bibi zetu walizaa watoto kumi na hakuna aliyeijua methildopa. Njoo inboksi.

Mkunga Zamu ya Usiku

Tabibu, kabla hujamwita mtu inboksi, tupe hapa hadharani namba yako ya usajili kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ipo tangu 2002, si siri.

Na hao bibi zetu, kweli walizaa kumi. Lakini tafuta ukoo wowote uliokaa sana kijijini, hukosi mtoto aliyepewa jina la bibi aliyefia uzazini.

Mama Kijacho, pole kwa yaliyopita na hongera kwa ulipofika. Kuna jambo ambalo kliniki tukiwa na foleni hatupati nafasi ya kulieleza, naliandika hapa kwa kirefu. Presha ya mimba si ile presha ya mjomba wako aliyenenepa. Mara nyingi mzizi wake upo kwenye kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha kondo haikutanuka vizuri mimba ilipokuwa changa, kondo likakosa damu ya kutosha, likaanza kumwaga kemikali kwenye damu ya mama. Hizo ndizo zinazokwenda kuchokoza mishipa ya figo, ya ini na ya ubongo. Namba unayoiona kwenye mashine ni kelele ya nje tu. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa kitu, namba ikashuka kidogo, akashangilia, huku figo zinaendelea kuvuja protini.

Tuwe wakweli pia: hata methildopa haiutibu ugonjwa huo. Kazi yake ni kukukinga wewe usipate kiharusi wakati tunamnunulia mtoto wiki za kukomaa. Tiba ni kondo kutoka, na hata likitoka huwa tunaendelea kukuangalia, maana kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama baada ya kujifungua.

Kwako protini bado haipo, na hiyo ni habari njema. Ila inaweza kuja kati ya kliniki moja na nyingine, kwa hiyo usingoje tarehe ya kadi, nenda ukapimwe presha na mkojo mara kwa mara hata kituo cha karibu. Kichwa kikigonga na panadol haikisikii, macho yakiona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo (wengi huyaita vidonda vya tumbo na kunywa maziwa), uso na mikono ikivimba ghafla, pumzi ikiwa nzito, au mtoto akipunguza kucheza, ni usiku huohuo, hakuna cha kesho asubuhi. Presha ikisoma 160/110 ni hivyohivyo hata kama unajisikia mzima kabisa.

Kijiwe Nongwa

Hilo la maziwa limenigusa. Dada yangu alikunywa maziwa wiki nzima.

Dirisha la Dawa

Mimi ni mfamasia. Mkunga kamaliza upande wake, niingie kwenye chupa na vidonge.

Mama Kijacho, kwanza swali ambalo sijaona mtu akikuuliza: methildopa na vidonge vya damu unavimeza kwa wakati mmoja? Kama ndiyo, acha kuvichanganya kuanzia leo. Madini ya chuma yanaizuia methildopa isifyonzwe tumboni, na presha inaweza kubaki juu kwa sababu hiyo tu, mgonjwa akidhani dawa haifai. Achanisha angalau saa mbili au zaidi. Nimewaona wengi wanaongezewa dozi wakati tatizo lilikuwa ni kumeza kila kitu kwa glasi moja ya maji.

Kusinzia ni kwa kawaida mwanzoni na mara nyingi kunapungua mwili ukizoea. Kukizidi mwambie daktari akubadilishie, kuna nifedipini ile ya kuyeyuka polepole na kuna labetaloli, zote zinatumika kwa wajawazito. Usikiache kidonge kimyakimya, na usiazime cha mtu mwingine. Nasisitiza hapa kwa sababu nyumba nyingi za Kiswahili zina mzee mwenye presha na kopo lake kabatini. Kaptopili, enalaprili, losatani: hizo zinaumiza figo za mtoto aliye tumboni na maji ya uzazi yanapungua. Wanaosema "dawa za presha zinadhuru mtoto" wana ukweli nusu, ni hizi zinazodhuru, na si ulizoandikiwa.

Sasa chupa ya mama. Majani ya mlonge ukiyapika kama mboga sina ugomvi nayo. Mizizi na magome yake ni habari nyingine, yanahofiwa kuchokoza mfuko wa uzazi, na unga ukishasagwa huwezi kujua kilichoingia kinuni. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi kula. Lakini kikikamuliwa kikawa dozi ya kila siku, na wewe uko kwenye aspirini, damu inaweza kuwa nyepesi kuliko tunavyotaka kwa mtu anayeelekea leba. Rosela ndiyo yenye sifa zaidi ya kushusha presha, na sifa hiyo ina ukweli, ila waliopimwa ni watu wasio na mimba. Kwa mjamzito kuinywa kila siku kama dawa hakuna ushahidi kwamba ni salama, na majaribio ya wanyama yametia shaka.

Ashwagandha rudisha. Si ya mjamzito, inahofiwa kutoa mimba, na kuna taarifa za watu kuumia ini. Denmark waliipiga marufuku 2023.

Hiyo chai ya utulivu, nisomee maneno madogo nyuma ya pakiti.

Binti Maskati

Salamu kutoka Oman. Huku rosela tunaiita karkade na inanywewa sana, Ramadhani ndiyo usiseme. Nilipokuwa mjamzito daktari wangu, Mmisri, mtu ambaye kwao karkade ni kama maji, ndiye aliyenikataza kuifanya ya kila siku. Nilicheka, lakini nilimsikia.

Mama Kijacho

Dirisha, nilikuwa nameza vyote pamoja baada ya chai ya asubuhi! Hakuna aliyeniambia. Pakiti ya chai imeandikwa kamomili, mchaichai, mizizi ya valeriani, na kitu "licorice root". Hicho cha mwisho ndicho nini?

Dirisha la Dawa

Hicho ndicho nilichokuwa nakihofia. Ni likorisi, ule mzizi mtamu unaotiwa kwenye dawa za kikohozi na chai nyingi za Wachina ili zinyweke. Unapandisha presha. Si kwa bahati mbaya, ndivyo unavyofanya kazi: una kemikali inayoulazimisha mwili kushika chumvi na maji na kupoteza potasiamu. Kemikali hiyohiyo inalegeza ulinzi wa kondo, homoni za msongo za mama zikapita kwenda kwa mtoto kwa wingi kuliko inavyopaswa. Finland, wanakozipenda sana pipi za likorisi, wajawazito wanashauriwa kuziepuka. Kwa hiyo umeuziwa chai ya kutuliza mtu mwenye presha ambayo ndani yake kuna kipandisha presha, na aliyekuuzia wala hajui, kasoma upande wa mbele wa pakiti.

Valeriani kwa mjamzito haijachunguzwa vya kutosha, nisingekupa. Kwa faida ya wengine wanaosoma: kuna dawa nyingine ya majani ya huzuni na wasiwasi inaitwa "St John's wort", inauzwa sana mitandaoni. Hiyo inaliamsha ini kuziondoa dawa mwilini haraka, na nifedipini ni mojawapo. Balungi linafanya kinyume, linaifanya nifedipini ijae kwenye damu, presha ikashuka kupita kiasi. Ndugu zangu wa Muheza na mabalungi yenu, mjamzito akihamishiwa nifedipini mpeni chungwa.

Tabibu Asili Bora

Mnapiga vita tiba za Mwafrika. Dawa zenyewe mnazozisifia zimetoka kwenye miti.

Mangi wa Mbege

Tabibu hapo umesema kweli bila kujua. Kwetu Kilimanjaro mbege inatiwa gome la msesewe. Mti huo ni wa ukoo mmoja na ule wa India uliotoa reserpini, mojawapo ya dawa za mwanzo kabisa za presha, ilichujwa kwenye mzizi miaka ya 1950. Ilishusha presha vizuri. Ikawaletea wengine huzuni nzito, na watoto waliozaliwa na mama wanaoimeza wakatoka pua zimeziba na wamelegea. Hospitali ikaiweka kando. Kutoka kwenye mti hakukuzuia madhara, na waliopima ndio waliojua.

Mzee Mitimingi

Marahaba wote mlioniamkia na ambao hamkuniamkia.

Mimi ni mtu wa dawa za miti, nimerithi kwa baba yangu huku milima ya Usambara, na nina karatasi zangu za Baraza, kijana ukitaka nitakuonyesha zinavyofanana. Nataka kumtetea mama mkwe kidogo, maana naona mnamsukuma kwenye kundi moja na wauza makopo. Mama kabeba alichonacho akapanda nacho basi kutoka Tanga. Hakuuza.

Lakini baba yangu alinifundisha, mwanamke mwenye mimba humpi kitu cha kuchemsha, na mwenye mimba akivimba uso humpi hata maji ya ndimu ukajisifu, mtafutie gari. Zamani mwanamke akianguka akatupa mikono na macho yakageuka, watu walisema ameshikwa na shetani wa pwani, wakaitwa wapiga ngoma. Nimeziona ngoma hizo nikiwa mtoto. Leo akianguka hivyo mbele yangu sifukizi chochote. Tunamlaza ubavu wa kushoto, hatumtii kijiko mdomoni, na tunakwenda hospitali tukiwa watu wawili watatu ili mmoja awe wa kutoa damu.

Binti, mwambie mama kwamba mganga wa Lushoto amesema chupa isubiri. Huenda akanisikia mimi kuliko nesi.

Mkunga Zamu ya Usiku

Mzee, shikamoo. Ungekuwa karibu na kituo changu ningekuomba uje siku za kliniki.

Nikazie la hospitali: akifika huyo aliyeanguka, anachomwa magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliotoka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha sindano hiyo inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwenye presha kali ya mimba kupata kifafa. Nasema sindano. Vidonge vya magnesiamu vya Instagram havifanyi kazi hiyo, na mwezi huu nimeulizwa hilo mpaka nimechoka.

Baba Mtarajiwa

Wakuu samahani nachomekea. Mke wangu naye presha inacheza, nimemnunulia mashine ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Asubuhi inasoma 118, jioni 151. Niiamini ipi?

Mkunga Zamu ya Usiku

Hiyo ya kifundo iweke kando, tafuta ya kufunga mkono wa juu, na mkanda utoshe mkono wake, ukiwa mdogo utapandisha namba za uongo. Akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini haikupishana, mkono usawa wa moyo, na asiongee. Nyingi za madukani hazikupimwa kwa wajawazito na kwenye presha kali zinaweza kusoma chini ya ukweli. Kwa hiyo siku moja mpeleke nayo kituoni, mpime kwa yetu na yenu, mlinganishe. Ile 151 msiipuuze, kapimweni kesho.

Shangazi Mjini

Na kulala kitandani siku nzima? Na kuacha chumvi kabisa? Mimi nililazwa kitandani miezi miwili kwa amri ya mawifi.

Mkunga Zamu ya Usiku

Shirika la Afya Duniani halishauri kulazwa kitandani kama njia ya kuzuia kifafa cha mimba, wala kukatiwa chumvi kwa sababu hiyo. Chakula cha kawaida, chumvi ya kawaida. Mjamzito anayelala tu kutwa, damu inaweza kumganda miguuni. Ila mawifi kufua nguo, hilo waendelee nalo.

Dirisha la Dawa

Mtu akiniuliza kirutubisho gani hasa kina ushahidi, jibu halipo kwenye kopo la mitishamba. Ni kalsiamu, hasa kwa wanaokula vyakula vyenye kalsiamu kidogo, na hao ni wengi kwetu. Zamani dozi ilikuwa gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku, vidonge vikubwa vinachosha. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza, na mwingine wa idadi hiyohiyo India, matokeo yalitoka 2024: miligramu 500 ilikinga sawa na 1,500. Yaani wanawake wa Dar wameifundisha dunia jambo na mitaani hatulisemi. Muulize daktari wako kama unaihitaji, na kalsiamu nayo usiimeze pamoja na vidonge vya damu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao wanasaidia.

Vitamini C na E kwa dozi kubwa zilijaribiwa kwa ajili hii hii, hazikukinga kitu.

Mama Kijacho

Nimewasoma wote. Ashwagandha na chai nimemrudishia mwenyewe, kanuna. Vidonge vya damu nimevihamishia usiku. Presha jana 136/86, sijui ni hilo la kuachanisha au ni bahati.

Lakini wasiwasi bado. Mkunga, hilo mmelipita kidogo.

Mkunga Zamu ya Usiku

Kweli tumelipita. Mwanamke aliyezika mtoto akibeba tena, hofu yake ina sababu, na sikuambii uiache kwa maneno. Nakuambia ifanyie hivi. Kaiseme kliniki kama unavyosema kichwa kinauma, iandikwe kwenye faili: silali, nina hofu, nilipoteza. Omba mtoto asikilizwe mapigo kila unapokwenda. Ukijisikia hachezi kama kawaida usinywe kitu baridi ukamngoja, usijitetee kwamba utaonekana msumbufu, njoo. Mume au mama aje nawe kliniki asikie mwenyewe tunachosema, ili usirudi nyumbani kuwa wakili wetu peke yako.

Kama inafika huli, moyo unakwenda mbio bila sababu, unaona afadhali usiamke, hiyo inataka daktari wa afya ya akili. Mazungumzo yanatibu wengi. Na dawa zipo ambazo wajawazito wamezitumia kwa miaka mingi chini ya daktari, setralini kwa mfano. Na ukishajifungua uwakumbushe wakubadilishie methildopa mapema, kwa wengine inachangia huzuni baada ya uzazi. Enalaprili niliyosikia ikikatazwa hapo juu, wakati wa kunyonyesha inaruhusiwa. Msichanganye nyakati.

Mama Kijacho

Asante sana. Mama nimempa salamu za mganga wa Lushoto, kacheka, kasema wa Lushoto wanajifanya wanajua kila kitu. Kakubali kuja nami kliniki Jumanne. Swali lake moja: rosela yake yote hii iende wapi? Mume wangu naye presha yake 138/88, hajaanza dawa.

Dirisha la Dawa

Huyo ndiye mnywaji halali. Utafiti wa Marekani wa 2010 uliwapa watu wazima wenye presha kama yake vikombe vitatu vya rosela kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ikashuka kwa wastani wa pointi 7, wakati waliopewa kinywaji cha kuigiza ilishuka pointi 1. Anywe, ila isiwe ile ya vijiko vinne vya sukari. Akija kuanzishiwa dawa amwambie daktari kwamba anainywa.